Mama Mkwe, Spiriti na Count Basie

Shelaki haipatani na spiriti. Seremala yeyote anayepaka fanicha polishi analijua hilo, maana ndivyo anavyoitengeneza: anavimwagia vipande vya shelaki spiriti, vinayeyuka, anachovya kitambaa, anapaka. Nyumbani kwetu, nyuma ya soko la Konyo Konyo mjini Juba, aliyelijua jambo hilo alikuwa mume wangu peke yake, na hakumwambia mwingine. Ndiye mwenye santuri. Alikaa nazo nyumba moja na mimi, na watoto, na baadaye na mama yake mzazi, asitueleze kwamba zile nyeusi nzito za zamani si za plastiki.

Nianze na kabati, maana ugomvi wa kwanza ulikuwa wa kabati. Ni la msaji, mti uliopandwa kwa wingi Equatoria tangu enzi za Waingereza, na nililinunua kwa faida ya vitenge ninavyouza sokoni. Humo nilipanga sahani za wageni, birika, vikombe vya kahawa, na mabakuli ya maua niliyopewa na mama yangu Tanga siku naolewa. Mume wangu alipoanza kuleta santuri alizisukuma chini ya kitanda. Mchwa wakaja. Akazihamishia chumba cha watoto, kwenye rafu karibu na dirisha. Ikaingia Machi, Juba ikakaribia nyuzi 40 kivulini, na chini ya bati joto ni kali kuliko hilo. Santuri ya plastiki haihitaji moto ili iharibike, jua la kupitia kioo latosha kuilainisha. Jioni moja akaitoa LP ya Duke Ellington kwenye ganda lake, akaikuta ukingo umejikunja. Sindano ilipofika hapo ikawa inapanda na kushuka, watoto wakacheka. Yeye hakucheka. Alisimama akalitazama kabati langu.

Hoja zake zilikuwa za kweli. Kabati limeegemea ukuta wa ndani, jua halilifikii asubuhi wala jioni, miguu yake iko juu ya matofali, na kila chumba chake kina kimo cha kusimamisha santuri wima. Wima ndiyo sharti. Ukizilaza zikapandana, uzito wa zile za juu huzivunja za shelaki na kuzipinda za plastiki. Na uzito wenyewe si wa kubeza: santuri ya shelaki ya inchi 10 ni kama gramu 200, hivyo mia moja ni kilo 20, na kwa kuwa kila upande una dakika kama tatu za muziki, kilo hizo 20 zina saa kumi tu za kusikiliza. Sahani zangu zikahamia kwenye beseni jikoni kwa ahadi ya rafu mpya. Rafu ilikuja.

Kilo hizo 20 zinaeleza pia kwa nini santuri ni adimu katika mji huu. Juba iliwahi kuwa na muziki wake wa bendi. Baada ya mkataba wa amani wa Addis Ababa wa 1972 ilikuwa makao makuu ya serikali ya Kusini, na bendi kama Rejaf Jazz na Skylarks ziliwachezesha watu kwenye kumbi. Kisha vita vikarudi 1983. Baada ya uhuru wa 2011 vikarudi tena, Disemba 2013 na Julai 2016. Anayekimbia hubeba mtoto, sufuria, unga, na cheti cha shule akikikumbuka. Habebi mzigo wa shelaki unaovunjika ukianguka mara moja. Baba mkwe wangu aliziacha za kwake Kajo-Keji alipokimbilia Uganda na familia yake, na hakuna aliyeziona tena. Mume wangu hakuniambia kwamba anazifidia zile, lakini naona anavyoshika kila anayoileta.

Nyingi anazipata Nairobi, Kenyatta Market, kwenye kibanda cha Jimmy Rugami, ambako santuri zimejaa kuanzia sakafuni. Zinasafiri kwa basi hadi Kampala, kisha Gulu, zinavuka mpaka Nimule, na kutoka hapo ni kilomita 192 hadi Juba, barabara ya lami tangu 2012 lakini yenye mashimo ya kutosha kuvunja moyo na shelaki. Mimi ndiye ninayempa vipande vya vitenge vya kuzifungia. Kila santuri na kitambaa chake, na kati ya tano na tano kipande cha kadibodi.

Wageni humwuliza kwa nini mtu wa Kajo-Keji anakusanya bendi za Wamarekani za miaka ya 1930 na kuziweka pamoja na za kwetu. Jibu lake limekuwa jibu langu pia: ukizisikiliza kwa mfululizo unasikia ukoo mmoja. Harlem, kwenye ukumbi wa Savoy, watu waliotoka kazini walivaa nguo zao nzuri wakaja kucheza mbele ya bendi ya Chick Webb. Kansas City ikamlea Count Basie, ambaye mwaka 1937 alirekodi One O'Clock Jump. Piano yake inasema maneno machache, halafu wapulizaji wanaingia kundi kwa kundi, saksafoni zikitoa neno, tarumbeta zikijibu, na besi chini yao haichoki. Katika miaka hiyohiyo kampuni ya HMV ilikuwa ikiuza Afrika mfululizo wa santuri zenye herufi GV, nyingi za Kikuba, ulioanza 1933. Ya kwanza kabisa ilikuwa El Manisero ya okestra ya Don Azpiazu wa Havana, iliyorekodiwa New York mwaka 1930. Santuri hizo zilifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, zikafika pwani yetu. Mwite Salum Abdallah shahidi: bendi yake ya Morogoro aliiita Cuban Marimba.

Kisha kuna vita kuu ya pili. Askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipopelekwa Burma, walifuatwa na kikosi cha burudani, na Fundi Konde wa pwani ya Kenya alikuwa humo. Sikiliza gitaa lake mara tu baada ya Benny Goodman. Mimi nasikia mtu aliyekaa karibu na bendi hizo kubwa, akazielewa, akarudi nyumbani kutunga kwa Kiswahili. Mji wangu wa Tanga ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na wazee wa kwetu waliongea habari za bendi hizo kwa namna wengine wanavyoongea mpira. Safari haikuwa ya upande mmoja, maana wakubwa wenyewe walikuja: Oktoba 1960 Louis Armstrong alifika Léopoldville, akabebwa juu kwa juu kwenye kiti na umati wa watu, na Novemba 1973 Ellington alipiga Addis Ababa akiwa na bendi yake nzima. Kwa hiyo katika kabati letu Basie amesimama kando ya Cuban Marimba, na Ellington kando ya OK Jazz ya Kongo, na sioni mgeni kati yao.

Muziki wa watu kumi na tano wenye mapafu makubwa, sisi tuliukabidhi kwa jenereta ndogo. Pleya yetu ni Garrard, kazi ya Uingereza, yenye kasi nne, na mota yake hufuata umeme: mawimbi 50 kwa sekunde yakipungua, nayo sahani huzunguka polepole. Jenereta tunachangia na jirani, mama wa Kiganda anayeuza maji baridi na soda, mwenye friza kubwa. Kila friza ilipowaka, bendi ilizama. Tarumbeta zilishuka nusu sauti, mwimbaji akawa kama ameshikwa na usingizi, kisha friza ikizima wote wanapanda tena. Jirani alichungulia mlangoni siku moja akasema, "Mama, leo muziki wenu umelewa." Mume wangu akaenda kumwomba azime friza saa moja ya jioni. Akakubali kwa siku chache, mpaka wateja wakaanza kunung'unikia soda ya moto, na haki ilikuwa yao.

Dawa ikawa gramafoni ya kupiga hendeli aliyoipata Kampala. Haitaki umeme, haitaki petroli. Inataka mtoto wa kuzungusha hendeli na sindano mpya ya chuma kila upande, kwa sababu sindano iliyotumika hukwaruza. Kifungua mimba wetu alijifunza kuzibadilisha upesi kuliko baba yake. Lakini gramafoni hiyo ni ya shelaki peke yake. Kichwa chake ni kizito, na ukikiweka juu ya plastiki kinailima. Hapo ndipo nilipojua kwamba ziko namna mbili za santuri. Nilijua kwamba zipo mbili. Kwa nini ziko mbili sikuambiwa.

Mama mkwe alikuja kutoka Kajo-Keji kwa ajili ya macho yake. Ana mtoto wa jicho, na tulikuwa tunasubiri zamu ya upasuaji. Alikuwa muuguzi maisha yake yote ya kazi, hapa na ukimbizini Uganda, na Kiswahili chake ni cha huko. Mtu aliyefanya kazi wodini miaka mingi hawezi kukaa bure katika nyumba ya watu. Alipanga dawa za watoto, akachemsha vitambaa vya jikoni, akawafundisha wajukuu kunawa mikono hadi kwenye viwiko.

Jumamosi ile tulikuwa na wageni jioni. Mimi nilikuwa sokoni, mume wangu alikuwa amekwenda kutafuta petroli. Ulikuwa msimu wa vumbi, na vumbi la Konyo Konyo halibishi hodi. Mama akafungua kabati ili kuwasaidia watu wa nyumba. Akaagiza pamba na chupa ya spiriti. Akaanza na rafu ya juu, penye LP, na LP zikatoka zinang'aa, kwa sababu plastiki haidhuriki na spiriti. Alifanya kazi nzuri ambayo sisi hatukuwahi kuifanya. Kisha akashuka rafu ya chini.

Pamba ikatoka nyeusi. Kwa macho yake, yenye ukungu, hakuona kwamba mng'ao ulikuwa unakufa, aliiona pamba. Na pamba nyeusi, kwa muuguzi, ina maana moja tu. Akachukua pamba nyingine, akaongeza spiriti, akakaza mkono. Kifungua mimba alikuwa anampa pamba, anapokea santuri, anaisimamisha ukutani ikauke. Nilipoingia na samaki mkononi nilikuta harufu ya wodi na beseni la pamba nyeusi lililojaa pomoni. Mama alinipokea kwa furaha ya mtu aliyemaliza zamu yake vizuri.

"Njoo, binti yangu, uone uchafu mliokuwa mnausikiliza."

Nikamshukuru kwa moyo wote. Sikuwa najua.

Mume wangu akaingia na dumu la petroli. Aliona santuri zimepangwa ukutani, akaokota moja, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango. Uso wa santuri ulikuwa umefifia, unanatanata, na kidole gumba chake kikaacha alama juu yake. Mifereji ile myembamba ambayo sindano hupita ilikuwa imelainika na kujaa. Akaangalia jina: Basie. Akaangalia ya pili, Fundi Konde. Ya tatu, moja ya zile za GV. Akaziweka chini taratibu akasema, "Asante, mama," akatoka nje. Kwao mtoto hapazi sauti mbele ya mama yake, na kwetu pia hapazi. Alikaa karibu na jenereta mpaka wageni wakaja. Tulikula bila muziki. Mama akauliza mara mbili kwa nini hawapigiwi zile safi.

Usiku nilimkabili.

"Baba Watoto, mama amekosa nini?"

"Sijasema amekosa."

"Hujasema kitu. Nyumba nzima tumekaa na kitu usichotuambia kimetengenezwa kwa nini."

Hapo ndipo akaniambia. Shelaki ni utomvu wa mdudu mdogo wa India anayekaa juu ya miti; ndiyo hiyohiyo iliyofanya lakiri ya kufungia barua. Watengenezaji wa santuri waliichanganya na unga wa mawe na masizi meusi, wakaikandamiza ikiwa moto. Marekani ilipoingia vitani shelaki ya India ikawa adimu, na mwaka 1942 serikali ikapunguza sana matumizi yake, hata wauzaji wakawa wanawataka watu walete santuri kuukuu ili wauziwe mpya. Plastiki ikashika njia kabisa baada ya Columbia kutoa LP mwaka 1948. Yote haya alikuwa nayo kichwani! Nilimsikiliza huku nikiona hasira yangu inaongezeka, kwa sababu yalikuwa mambo ya kupendeza, na angetusimulia mezani siku yoyote.

Nikamkumbusha hadithi aliyokwisha kunisimulia mwenyewe. Tarehe 16 Januari 1938 Benny Goodman aliipeleka bendi yake Carnegie Hall, ukumbi uliozoea muziki wa namna nyingine. Onyesho lilirekodiwa, na sahani zake zikakaa kabatini nyumbani kwake kwa miaka, mpaka Columbia ilipozitoa kwa LP mwaka 1950. Kabatini, nikamwambia, kama hili letu. Watu wa nyumba ile walizikuta, na hawakuzifanya takataka. Kama kila aliyefungua kabati lile angekuwa hajui kitu, leo ungekuwa unakusanya nini? Mkusanyaji anayefunga elimu yake kifuani ameziacha santuri zake mikononi mwa yeyote mwenye nia njema na kitambaa. Nilimwambia hivyo na bado nasema hivyo. Mama hakuwa na kosa hata chembe, na asubuhi mwanawe angemweleza mwenyewe, kwa adabu, yote, kuanzia mdudu.

Akamweleza. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Mume wangu alipofika kwenye pamba nyeusi, mama akafumba macho kidogo.

"Kwa hiyo haukuwa uchafu. Ilikuwa nyama yake."

"Ndiyo, mama."

"Na dawa yake ni ipi?"

"Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo sana. Kitambaa laini. Karatasi ya katikati isiloe. Halafu ikaushwe imesimama."

"Wodini," mama akasema, "kila chupa ina jina. Kwa nini wewe hukuandika?"

Hakuwa na la kujibu. Mama akaomba daftari na plasta nyeupe. Kuanzia siku ile kazi ikawa yake. Kifungua mimba aliandika, yeye alisema. Macho hayakumsaidia, lakini mikono ilimtosha: alipima uzito kwenye kiganja, kisha akagonga ukingo kwa kifundo cha kidole. Shelaki hujibu kwa mlio mkavu na mkali, plastiki hujibu kwa sauti butu. Ya shelaki ilibandikwa plasta kwenye ganda: usitie spiriti. Daftarini kila moja ilipewa namba, mwenye bendi, aina yake, na hali yake, na hali ziliandikwa kwa lugha ya mama: mzima, majeruhi, amekufa. Majeruhi zilikuwa nyingi kuliko tulivyodhani, maana nyingine alikuwa amezifuta upande mmoja tu kabla sijaingia na samaki. Fundi Konde alikuwa majeruhi. One O'Clock Jump alikuwa majeruhi, na upande uliokufa ni ule wenyewe. Ya GV ilikuwa imekufa pande zote mbili.

Akafika kwenye moja kubwa, ya inchi 12, iliyokuwa katika rundo la waliofutwa. Akaipima. Akaigonga. Akaigonga tena.

"Huyu hayuko kundi hili."

Mume wangu akasema, "Mama, hiyo ni ya mizunguko 78, zote za 78 ni shelaki."

"Mimi nakwambia huyu hayuko kundi hili."

Ilikuwa V-Disc aliyoipata Kampala. V-Disc zilitengenezwa na jeshi la Marekani kati ya 1943 na 1949 kwa ajili ya askari wake walioko nje. Muungano wa wanamuziki ulikuwa umegoma kurekodi kwa makampuni tangu Agosti 1942, lakini kwa V-Disc ulitoa ruhusa, ndiyo maana bendi nyingi za kipindi kile husikika humo na si kwingine. Na kwa kuwa santuri za shelaki zilifika kwa askari zikiwa zimevunjika, hizi zilifanywa kwa plastiki, ingawa zinazunguka kwa kasi ya zamani. Mume wangu alikuwa ameyasoma haya yote, akayasahau mbele ya rundo la msiba. Nayo ilikuwa ya Basie.

Gramafoni ya hendeli ingeilima, kwa hiyo ilibidi Garrard, na Garrard inataka umeme usioyumba. Nilikwenda mwenyewe kwa jirani. Nilimnunulia soda zake zote zilizobaki kwenye friza, akachomoa waya, akaja nazo sebuleni kwetu tukazinywa. Mume wangu alibadilisha sindano, akaweka ile nene ya 78. Bendi ikaingia. Tarumbeta zilisimama pale zilipotakiwa kusimama, na LP zilizofuata, zile ambazo mama alizifuta, zilikuwa safi kuliko tulivyowahi kuzisikia.

Sasa mume wangu anajiandaa na safari nyingine ya Nairobi. Orodha imetoka kwenye daftari, kifungua mimba ameinakili kwa kalamu nyekundu, na mama mkwe ameikagua kwa kusomewa jina kwa jina. Upasuaji wa jicho la kwanza umeshafanyika na wa pili uko njiani.

"Anza na ile ya GV," alimwagiza. "Halafu huyu Basie wa saa saba. Mwambie muuzaji nimemuua upande mmoja mimi mwenyewe, namtaka mzima."